Mwalimu mpya kituoni: kuanzia siku ya kuripoti mpaka likizo ya kwanza

Shule yangu ya kwanza ilikuwa mkoani Rukwa. Nilishuka stendi ya Sumbawanga alfajiri moja ya mwezi Julai nikiwa na shati la mikono mifupi, kwa sababu nilikokulia Julai haina baridi ya kumtetemesha mtu, na hakuna aliyeniambia kwamba Ufipa, nyanda za juu za huko, ni kwingine. Tangu hapo nimefundisha shule tatu, na mbili kati ya hizo nilikuwa mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa masomo shuleni, hivyo walimu wapya walipofika walikabidhiwa kwangu. Nimewaona wakianza vizuri na nimewaona wakianza vibaya.

Kwa niliyoyaona, ni nadra mwalimu mpya kuharibikiwa kwa sababu hajui kufundisha. Kufundisha atajifunza. Anaharibikiwa kwa mambo ya pembeni: majina yasiyolingana kwenye vyeti, mkopo wa mwezi wa pili, fimbo, neno alilolitoa ofisini kabla hajajua nani ni nani. Mwongozo huu namwandikia mwalimu aliyeajiriwa kwenye shule ya msingi ya serikali Tanzania na kupangiwa kijijini, maana huko ndiko wengi wetu tunakoanzia. Mwalimu wa sekondari, na hata muuguzi anayekwenda zahanati, atakuta mengi yanamhusu.

Kabla hujapanda basi

Toa vyeti vyako vyote, uviweke mezani, usome majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha ualimu, kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kadi ya benki. Kama kimoja kimeandikwa Mohamed na kingine Muhammad, au jina la babu limo huku na huku halimo, lishughulikie sasa ukiwa bado mjini karibu na wakili. Mfumo wa mishahara haukujui kwa sura. Unalinganisha taarifa, na zisipolingana jina lako linakwama huku wenzako mliofika pamoja wanalipwa. Mwulize afisa utumishi wa halmashauri unayokwenda kama kiapo cha majina kinatosha au anataka hati iliyosajiliwa, kisha ufanye anachokwambia.

Toa nakala tano za kila hati, zithibitishwe, uziweke kwenye bahasha ngumu isiyopitisha maji. Piga picha kila ukurasa kwa simu na ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Chukua picha ndogo za pasipoti za kutosha, sita au nane.

Suala la fedha nalisema wazi kwa kuwa linaumiza wengi: beba fedha ya kula miezi miwili. Ukiripoti baada ya orodha ya mishahara ya mwezi huo kufungwa, utasubiri ya mwezi unaofuata, na pengine ule wa baada yake. Fedha ya siku ulizofanya kazi haipotei. Inakuwa malimbikizo, na malimbikizo hudaiwa kwa maandishi. Ajira ya kwanza ina posho ya kujikimu na nauli pia, lakini usiihesabu kama unayo mpaka uione kwenye akaunti. Tunza tiketi ya basi. Nimemwona mwalimu akihangaika kuthibitisha safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa sababu tiketi aliiacha kwenye kiti.

Vyombo usihangaike navyo. Godoro, ndoo na sufuria utavipata huko. Beba blanketi, taa ya sola na viatu vya kutembea kwenye tope.

Halmashauri

Fika siku mbili au tatu kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua yako. Ofisi yaweza kuwa na kikao, mtandao waweza kukatika, na anayetakiwa kusaini aweza kuwa safarini.

Unaripoti kwa mkurugenzi, na kwa vitendo utahudumiwa na afisa utumishi. Kutoka hapo utapelekwa kwa afisa elimu, kisha Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo ina ofisi wilayani na ndiyo inayotunza jalada lako kama mwalimu: ajira, kuthibitishwa, kupanda cheo, nidhamu. Walimu wengi huikumbuka Tume siku wanapokuwa na shida. Ipitie siku ya kwanza, ujue mlango wake.

Utajaza fomu nyingi, ikiwemo ya daktari wa serikali ya kupimwa afya. Vyeti halisi utavionyesha vikaguliwe, kisha utavirudisha kwenye bahasha yako papo hapo. Mwenzangu mmoja aliacha cheti chake cha kidato cha nne kwenye ofisi moja "mpaka kesho", na kesho hiyo ilichukua miezi minne. Kila barua unayoipeleka, nenda na nakala ya pili, uombe ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Watu wema wapo ofisini, lakini huhamishwa, na anayekuja baada yao anaamini karatasi.

Kabla hujaondoka uliza mambo matatu kwa upole: taarifa zangu zitaingia lini kwenye mfumo wa mshahara, fomu za PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) na za bima ya afya nazijaza wapi, na tarehe yangu ya kuripoti imeandikwa siku gani. Hiyo ya mwisho iandike kwenye daftari lako. Mshahara unahesabiwa kuanzia hapo, na miezi 12 ya majaribio pia.

Kufika kijijini

Pita kwanza kwa mwalimu mkuu, hata kama mizigo iko kwenye bodaboda na vumbi limekujaa. Akupokee yeye. Kisha umwombe akupeleke, au akupe mtu wa kukupeleka, kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Ni dakika ishirini, na faida yake ni kwamba usiku ukigongewa mlango na mgambo, anakujua.

Utatambulishwa mstarini. Taja jina lako, unakotoka, somo utakalofundisha, ushukuru, ukae. Usiahidi kitu. Mwalimu mmoja aliwaambia watoto siku ya kwanza kwamba ataleta mipira miwili kutoka kwa rafiki zake wa mjini. Mipira haikuja, na kwa mwaka mzima watoto walikuwa wakimwuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, mipira imefika wapi?"

Kama nyumba ya mwalimu ipo na ina nafasi, ichukue, hata kama dari limevuja. Kama ni kupanga, usilipe kodi ya miezi sita kabla hujalala hapo wiki moja. Maswali ya kumwuliza mwenye nyumba, na zaidi majirani, ni haya: mwezi wa kumi maji mnachota wapi? Mvua zikikolea njia ya kwenda shule inapitika? Choo ni cha nani? Mwalimu wa kike, nakuomba sana, umwulize mwalimu mwanamke aliyekaa hapo muda mrefu ni nyumba gani ya kukaa na ipi ya kuepuka. Anajua mambo ambayo mwalimu mkuu mwanaume hatayasema, pengine kwa sababu hayajui.

Ofisi ya walimu: wiki mbili za kusikiliza

Kila kiti kwenye ofisi ya walimu kina mwenyewe, hata kama hakina jina. Uliza, "Naweza kukaa wapi?" Amkia kila mtu asubuhi, na waliokuzidi umri wape shikamoo bila kupima cheo. Anayepika uji wa watoto na mlinzi wamo humo. Mpishi anajua ni mtoto gani haji siku ambazo uji haupo, na mlinzi anajua ni darasa gani lina dirisha lisilofunga.

Sentensi inayowaponza walimu wapya ni hii: "Kule nilikofanya BTP (mazoezi ya kufundisha ya chuoni), sisi tulikuwa tunafanya hivi." Unaweza kuwa umesema kweli. Lakini mwalimu aliyekaa hapo miaka kumi na minne anasikia kwamba kazi yake yote ni upuuzi. Wazo lako liandike kwenye daftari. Baada ya miezi miwili lisome tena. Mimi nilipoyasoma ya kwangu nilikuta zaidi ya nusu yalikuwa hayawezekani pale, kwa sababu nilizokuwa sizijui, na yale machache yaliyobaki niliyafanya darasani kwangu bila kumtangazia mtu. Mwenzangu mmoja alikuja kuuliza.

Shule nyingi zina makundi. Kuna wanaomuunga mkono mwalimu mkuu na kuna wanaosubiri ahamishwe. Utatafutwa na pande zote mbili, kwa chai, kwa lifti ya pikipiki, kwa maneno ya pembeni. Kunywa chai na wote. Ukielezwa ubaya wa mtu sema, "Mimi mgeni bado," na ubadilishe mazungumzo. Ugeni huo ni kinga yako kwa miezi kadhaa, basi itumie.

Darasani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo jina lako linapotengenezwa.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa hisabati, darasa la tano, mada ya sehemu: nusu, robo, theluthi. Watoto 78, dakika 40. Nilieleza, nikachora duara, nikaligawa, nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Nilitoka nimefurahi. Usiku nikawasha taa ya sola, nikasahihisha madaftari 78. Waliopata swali la kwanza walikuwa tisa.

Kesho yake mwalimu mmoja mama, mtu mzima, aliyebakiza miaka michache kustaafu, aliomba aingie akae nyuma. Baada ya kipindi hakunisema. Alinishika mkono, akanipeleka mpaka dawati la mwisho, akaniambia, "Soma ulichoandika." Sikuweza. Ubao ulikuwa umepauka mpaka umekuwa kijivu, na mwandiko wangu ulikuwa wa daftari, haukuwa wa ubao. Watoto wa nyuma walikuwa wananakili kutoka kwa wa mbele, na wa mbele walikuwa wamekosea.

Jumamosi akanionyesha. Tulisaga mkaa ukawa unga laini, tukaponda majani ya maboga, tukachanganya na maji kidogo, tukapaka ubao kwa kitambaa, mkono mmoja kwenda na kurudi, tukaacha ukauke, tukarudia. Jumatatu ubao ulikuwa mweusi. Akanifundisha kipimo: herufi isipungue vidole vitatu, na kila baada ya mistari minne tembea mpaka nyuma ukasome mwenyewe. Mpaka leo mwalimu mpya akikabidhiwa kwangu, kitu cha kwanza namtuma dawati la mwisho.

"Mmeelewa?" liache. Mtoto wa Kitanzania mwenye adabu atakujibu ndiyo, kwa sababu hapana inaonekana kama kukulaumu. Badala yake toa swali moja fupi, kila mmoja aandike jibu peke yake, pita katikati ya madawati ukiangalia. Katika dakika tatu utajua. Sehemu hizo hizo nilizifundisha upya kwa vizibo vya soda: kila kikundi vizibo 12, toa nusu, toa robo, toa theluthi. Vizibo havina gharama, na mtoto akivigawa kwa mikono yake hakudanganyi.

Majina uyajue mapema. Chora ramani ya madawati, andika majina, shika kumi kwa siku. Darasa la watoto themanini linakwenda siku nane. Mtoto anayezungumza ukimtaja kwa jina lake hutulia haraka kuliko ukisema "wewe uliyevaa sweta."

Wiki ya pili pima kusoma. Chukua kitabu cha darasa lililo chini ya lako, aya moja fupi, na kila mtoto akusomee peke yake, dakika moja, wakati wengine wana zoezi. Itakuchukua siku kadhaa. Andika makundi matatu tu: anasoma, anasoma kwa kukwama, hasomi. Utakuta darasa la nne au la tano watoto wasioweza kusoma kabisa, na utashtuka. Usiupeleke mshtuko huo ofisini kwa sauti, kwa sababu mwalimu aliyewafundisha mwaka jana amekaa kiti cha pili kutoka kwako. Orodha mpe mwalimu wa taaluma mkiwa wawili, mkubaliane dakika ishirini kila siku, asubuhi kabla ya mstari au baada ya uji, za kuanza nao silabi.

Ukipewa darasa la kwanza kijijini, wapo watakaokuja na lugha ya nyumbani peke yake. Kwetu ilikuwa Kifipa. Mtoto hajakaidi, hajasikia. Jifunze maneno kumi ya lugha yao (njoo, kaa, maji, umeumia wapi) na mkalishe karibu na mwenzake anayejua Kiswahili. Kufika Pasaka utashangaa.

Karatasi za kazi

Azimio la kazi, andalio la somo, nukuu za somo, kumbukumbu za ufundishaji, rejesta ya mahudhurio. Mthibiti ubora wa shule akifika bila taarifa, ataomba hizi kabla hajakusikia ukifundisha. Hazina ugumu mkubwa, ila zinataka siku maalumu. Mimi zangu huziandika Jumapili jioni, za wiki nzima.

Angalia muhtasari wa somo (silabasi) unaotumia. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa ya kuanzia, na kwenye makabati ya shule utakuta mihtasari ya zamani na mipya imelala pamoja. Mwulize mwalimu wa taaluma darasa lako linatumia upi, kisha upakue vitabu kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania siku utakayofika penye mtandao mzuri. Usinakili azimio la mwenzako wa shule nyingine. Kalenda yake siyo yenu, na mthibiti ataliona kwa dakika moja.

Kuna pia PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji uliochukua nafasi ya OPRAS. Malengo na kazi zako unaingiza mwenyewe, na mwalimu mkuu anathibitisha. Usiliache mpaka mwisho wa mwaka. Vikao vya MEWAKA, vile vya walimu kujifunza kwa pamoja shuleni, usivikwepe hata kama vinachosha. Ndiyo sehemu pekee ambayo mwalimu mpya anaweza kusema "hili limenishinda" bila aibu, kwa kuwa kila mtu amekuja kusema hilo.

Fimbo, na mipaka mingine

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayetoa adhabu hiyo ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Mtoto wa kike anachapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama hayupo. Utaona shule ambako kila mwalimu anatembea na fimbo kana kwamba kanuni hizi hazipo. Wewe hujaidhinishwa na mtu. Mtoto akiumia, aliyekuwa akikuambia "hawa bila fimbo hawaendi" hatasimama nawe kituo cha polisi.

Maoni yangu, na nimeyafikia polepole: usishike fimbo kabisa. Simama karibu na anayepiga kelele, nyamaza, mtaje jina, mhamishe dawati, mpe kazi ya kugawa madaftari. Kwa anayerudia, mwite mzazi kupitia mwalimu wa malezi. Inachukua wiki tatu nne darasa kukuzoea, na katika wiki hizo utaambiwa wewe ni laini. Vumilia.

Mwanafunzi asiingie chumbani kwako. Asikuchotee maji, asikufulie, asiletewe ujumbe wa simu na wewe usiku. Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa. Lakini hata bila kifungo, yule ni mtoto wa mtu aliyekukabidhi. Mwalimu wa kiume kijana anayeishi peke yake ajiwekee utaratibu huu tangu siku ya kwanza, ili asihitaji kuuanza baada ya maneno kusikika.

Ukihitaji kuondoka kituoni, omba ruhusa kwa maandishi. Kanuni za utumishi wa umma zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano kuwa kosa la kufukuzisha kazi. "Nilimwambia kwa simu" haina mhuri.

Mshahara wa kwanza na watu wa mikopo

Tufanye hesabu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 700,000. PSSSF wanakata asilimia 5, yaani 35,000, na mwajiri anakuongezea asilimia 15 juu yake. Bima ya afya asilimia 3 ni 21,000. Chama cha walimu, kama ni CWT, asilimia 2 ni 14,000. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, ambayo ni 105,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, inahesabiwa baada ya kuondoa PSSSF: 665,000 inalipiwa 49,000. Jumla ya makato 224,000. Mkononi unabaki na 476,000.

Sasa, kabla hujaipokea hiyo ya pili au ya tatu, atakuja kijana nadhifu na fomu. Atakusalimia kwa jina. Atakuambia unaweza kupata milioni kadhaa leo hii, bila dhamana, na kwamba sheria inakulinda kwa kuwa mtumishi hawezi kukatwa mpaka akabaki na chini ya theluthi moja ya mshahara. Ni kweli. Ila theluthi ya 700,000 ni 233,333. Anachokupigia hesabu ni namna ya kukufikisha kwenye mstari huo na kukuacha hapo miaka mitano au zaidi. Kodi ya chumba, chakula, nauli ya kwenda benki, vocha na fedha ya wazazi, vyote vitoke kwenye 233,333.

Nimewaona walimu wakija kazini wiki ya pili ya mwezi bila kula. Wanakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale wa kausha damu, wanaacha kadi ya benki na namba ya siri, na tangu hapo mshahara si wao. Mwalimu wa namna hiyo hafundishi, hata akiwa amesimama mbele ya ubao.

Ninachoshauri: miezi sita ya kwanza usisaini mkopo wowote. Lipa deni ulilokopa kwa ndugu ukija, nunua godoro zuri, weka akiba hata 50,000 kwa mwezi. Watu wa nyumbani watadhani umeajiriwa umetajirika, na simu zitaanza. Wapigie wewe kwanza. Waambie kiasi gani utatuma na tarehe gani, kisha ukitume kweli. Kiasi kidogo kisichokosa kinawatuliza wazazi kuliko kikubwa cha mara moja. Slipu ya mshahara ifungue kila mwezi, uiangalie mstari kwa mstari, na ukikuta kato usilolijua andika barua mwezi huo huo.

Kijiji

Kuna msiba, nenda. Hata kama hukumjua marehemu, hata kama utakaa nusu saa, na changa kile wanachochanga wengine. Kijijini wanakumbuka nani alikuja. Deni dukani liwe dogo na lilipwe siku uliyosema. Kilabuni usikae, kwa sababu unayekunywa naye jioni ni mzazi utakayemwita kesho kumweleza utoro wa mwanawe.

Utoro wenyewe una majira yake. Wakati wa kupanda na wa kuvuna madawati yatakuwa matupu, na kelele za mstarini hazitawajaza. Kilichosaidia shuleni kwetu ni kuwapitia wazazi watano watano jioni, kukaa kwenye kigoda, kusikiliza habari za shamba kwanza, kisha kuomba mtoto aje angalau mpaka saa sita mchana. Wengine walikataa. Wengi walikubali, na mmoja alinirudisha na debe la maharage.

Mazungumzo na mwalimu mkuu

Wiki ya nne au ya tano mwombe robo saa. Nenda na daftari. Mwulize, "Mwalimu, mpaka sasa unaionaje kazi yangu? Kuna kitu nimekosea ambacho watu wananivumilia tu?" Hilo la pili ndilo lenye faida. Mimi nilijibiwa kwamba nilikuwa nawaruhusu watoto kutoka dakika tano kabla ya kengele, na kwamba kelele zao ziliharibu kipindi cha darasa la saba lililokuwa karibu na mtihani. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Ningeweza kuendelea mwaka mzima.

Ukiona umetwishwa mambo mengi kwa kuwa wewe ni kijana na unajua kompyuta, na yataangukia kwako kweli, usikatae wala usikubali yote. Mwonyeshe ratiba yako ya vipindi, umwombe achague yeye kipi kitangulie.

Kabla ya likizo ya Juni

Hakikisha jalada lako nyumbani lina barua ya ajira, barua ya kupangiwa kituo, nakala zenye mihuri na slipu zote. Likizo iombe kwenye mfumo mapema, kabla watu wote hawajaomba. Rejesta ifunge kwa tarehe, ufunguo wa kabati umwachie mtu kwa maandishi.

Na wiki moja kabla ya kufunga, wasikilize tena watoto wakisoma, aya ile ile ya wiki ya pili, makundi yale yale matatu. Weka orodha mbili sambamba. Yule aliyekuwa hasomi na sasa anakwama, mwandikie jina lake kwa wino mwingine, mwite, umwambie mwenyewe. Nakala ya orodha mpe mwalimu wa taaluma kabla hujapanda bodaboda, maana Julai ndipo mtakapogawana upya zile dakika ishirini za asubuhi.